Sahani Zilizoshinda Sinki la Mama Nyaboke

Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, hata leo nikifumba macho naisikia harufu yake: chai ya maziwa, vitunguu vinavyokaangwa, na makoti yaliyolowa theluji yakining'inia mlangoni. Nilikuwa nyumbani kwa Mama Nyaboke, Apple Valley, kule ughaibuni, upande wa kusini wa mto unaopita kwenye ile miji miwili pacha. Alikuwa nesi, mwenyekiti wa karibu kila kamati ya Wakenya, na binti yake Nyaboke alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa kijana. Mchana nilihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, jioni nikikereza mbao. Nilikuwa na diploma ya useremala, niliyoitoa Kenya ikiwa ndani ya fremu yake. Usicheke. Wenzangu walibeba unga na majani ya chai. Mimi nilibeba diploma.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempa Mama Nyaboke sahani moja ndogo ya mfano, ya mti wanaouita eshi. Miti hiyo ilikuwa inaliwa na mdudu, na manispaa iliikata mtaa kwa mtaa. Magogo yalilala kando ya barabara kule Columbia Heights nilikopanga, nikaomba, nikapewa. Nilitaka sahani zangu zikae kwenye meza za harusi ile, mbele ya watu wote walioniita Bwana Diploma kwa kejeli. Kwa hiyo niliipaka vanishi hadi ungeweza kuyaona meno yako humo. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa kupewa jibu.

"Kijana, hii ulipaka vanishi ama rangi ya kucha?"

"Vanishi, Mama. Tena ya hali ya juu."

"Basi angalia. Inatoka magamba kama samaki, na nimeiosha mara moja tu!"

Nikamuuliza aliioshaje. Akanionyesha: maji yanayofuka mvuke, sabuni, na waya wa kusugulia sufuria.

"Lakini Mama, mbao haioshwi hivyo."

"Kwangu kila kitu kinaoshwa hivyo. Hata wewe ukilala kwa sinki nitakusugua."

"Mum, please," akasema Nyaboke, lakini alikuwa anacheka.

"Please gani? Harusi ikiisha, watakaoosha vyombo ni akina mama, na hawataiuliza sahani ina diploma gani. Kijana, lete nyingine. Nitaiosha mwenyewe. Ikitoka nzima, itakaa mezani. Isipotoka, watu watakula kwa sahani za karatasi."

Mwenzangu niliyepanga naye, Barasa, alinishauri nichome kwa chuma cha moto maelezo ya kuosha nyuma ya kila sahani. Nikakataa. Mtu aliyeshiba pilau hasomi maelezo. Wala sikukosa usingizi kwa aibu. Mimi si mtu wa kuaibika upesi. Nilirudi kwenye mashine yangu ya kukereza, chini ya nyumba, kando ya mtambo wa kupasha nyumba joto.

Nilikaza kipande cha mbao, nikawasha mashine, kikazunguka, nikakiegemezea patasi. Maranda yakaruka marefu kama tambi. Sahani ikajitokeza, ukingo wake mnene kidogo kuliko wa ile ya kwanza, kitako kipana. Nikapiga msasa mkali, kisha msasa laini. Hapo ndipo wengi hupaka vanishi na kuita wateja. Mimi nikaimwagia maji ya moto kwa makusudi. Nyuzi za mti zikasimama kama vinyweleo vya mtu aliyetoka nje bila koti mwezi wa Januari. Ikakauka, nikazikata kwa msasa. Nikailowesha tena; safari hii zikasimama chache. Nikaendelea hivyo mpaka maji yakawa hayana la kuinua. Ndipo nikaipaka mafuta ya kitani, nikayaacha yazame, nikafuta yaliyobaki juu, nikasubiri yakauke, nikapaka tena. Haikung'aa kama kioo. Iling'aa kama ngozi ya mtu aliyejipaka mafuta baada ya kuoga.

Nilipoipeleka, kamati nzima ya akina mama ilikuwa jikoni. Mama Nyaboke akakunja mikono ya blauzi, akafungua maji ya moto, akaisugua kana kwamba imemtukana. Moyo wangu ulikuwa ndani ya sinki lile. Akaikausha, akaishika penye mwanga, kisha akaiweka shavuni.

"Ni laini," akasema taratibu. "Lakini imefifia."

Nikatoa mfukoni kitambaa chenye mafuta. "Futa, Mama."

Akafuta mara moja. Rangi ya mti ikarudi, mistari yake yote ikaonekana. Akafuta tena, safari hii kwa raha zake.

"Njooni muone! Huyu kijana ameshinda sinki yangu!"

"Muulize kama ana mke," mmoja akadakia, na jikoni kote kukawa kicheko.

Harusi ilifanyika katika ukumbi mmoja mtaa wa Frogtown, na kila meza ilikuwa na sahani zangu. Baadaye nilisimama mlango wa jikoni nikitazama zikisuguliwa. Hakuna hata moja iliyobanduka. Kufikia kiangazi, wale wale walionicheka walikuwa wanangoja zamu ya kutengenezewa, na jina la Bwana Diploma likawa la heshima. Kuna waliosoma kunizidi, lakini sijaona aliyekereza kunizidi katika miji ile miwili, na hilo nalisema bila kunong'ona.

Leo nina karakana yangu Kitale, na diploma iko ukutani katika fremu ile ile. Mwaka jana Mama Nyaboke alikuja nyumbani likizo, akanitembelea. Akafungua leso mkobani, akatoa sahani ile aliyoijaribu kwenye sinki. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi.

"Bado naiosha vile vile," akasema.

"Najua, Mama. Niliitengeneza kwa ajili yako."

Basi mwanangu, shika hili. Kazi yako usiiandalie siku ya kusifiwa; iandalie siku ya kuoshwa. Itie wewe mwenyewe katika maji yale yale itakayokutana nayo, ungali una msasa mkononi. Chagua mng'ao ambao mwenye sahani anaweza kuurudisha kwa kitambaa chake. Na akitokea wa kukurudishia kazi imebanduka, usimfundishe kuosha. Rudi kwenye mashine.

Mungu aibariki mikono yako, akupe mteja mkali mapema, na kila utakachokiunda kitoke majini kikiwa kizima. Amina.