Mdogo Wangu na Kamati ya Fedha za Vidonge

Jumapili ile nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau jikoni kwangu Hallonbergen, kando ya Stockholm, Uswidi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Upande wa pili alikuwa mdogo wangu, aliyeko Marekani. Kwangu mchana ulikuwa umeshasogea, kwake ndiyo kwanza asubuhi, bado amejifunga kitenge cha kulalia.

"Dada," akasema, "nimeingizwa kwenye kamati ya kaunti."

Nikacheka mpaka nikazima jiko. Huyu ninayemjua mimi hakuwahi kuwa hata kiranja wa darasa.

"Kamati ya nini?"

"Ya fedha za vidonge."

Akanieleza taratibu. Kampuni zilizotengeneza, kusambaza na kuuza zile dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zilishtakiwa na majimbo na kaunti, kwa sababu watu wengi walinaswa na uraibu na wengi wakafa. Kampuni nyingi zikakubali kulipa ili kesi ziishe. Fedha haziji kwa mkupuo. Zinaingia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Jimbo lina fungu lake, kaunti na miji pia ina mafungu yake, na miji midogo mara nyingine huacha sehemu yake iende kaunti. Sehemu kubwa ya fedha hizo sharti zitumike kutibu madhara ya dawa zile na kuzuia mengine. Kamati ingewashauri madiwani, kisha ifuatilie zimekwenda wapi. Walitaka mkazi mmoja wa kawaida. Tangazo lilibandikwa kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naye akajaza fomu.

"Ukajaza tu?"

"Nikajaza tu. Wengine hawakujaza."

Shida ilikuwa makaratasi. Walimtumia rundo la Kiingereza cha mawakili, akanitumia na mimi, akidai mimi ndiye msomi wa familia. Usomi wenyewe! Nilikuja Stockholm kusomea mambo ya ushirika, nikaishia kuwaogesha na kuwalisha wazee Vällingby, kazi ile ile anayoifanya yeye, na ninaipenda. Lakini nilikubali. Kila Jumapili tukawa tunasoma kurasa chache, tunazigeuza kuwa Kiswahili, maana tuligundua kwamba sentensi tusiyoweza kuisema kwa Kiswahili ni sentensi ambayo hatujaielewa.

Jumapili ya tatu akaingia jirani yangu wa mlango wa pili, Mkongo wa Bukavu, kiongozi wa kwaya yetu ya Kiswahili. Alikuja kuomba bizari. Akasimama nyuma yangu anatusikiliza tunavyohangaika na ukurasa wa nne.

"Alors, dada, munaanza mbele sababu gani?" akauliza. "Mimi niliisha kukaa kwenye komite ya nyumba hapa. Mambo yote iko nyuma. Soma nyuma!"

Tukaruka hadi kiambatisho. Kweli, huko ndiko kulikuwa na orodha ya mambo ambayo fedha zinaweza kulipia: matibabu, dawa ya kupuliza puani inayomzindua mtu aliyezidisha vidonge, mafunzo, msaada kwa mama wajawazito, usafiri wa wagonjwa. Mstari kwa mstari, lugha nyepesi kuliko kurasa zote za mbele. Jirani akavuta kiti, akasahau bizari.

Tulikuwa tunakwenda vizuri, tunataniana, mpaka tulipofika kwenye mstari unaohusu watu walioanza na dawa za daktari baada ya kuumia wakashindwa kuziacha. Nikausoma, nikautafsiri, nikasubiri mdogo wangu aseme "endelea".

"Dada," akasema badala yake, "huyo ni mimi."

Alikuwa ameumia mgongo akimwinua mzee kitandani. Daktari akampa vidonge, vikamtuliza, vikaisha, akapewa vingine. Ilimchukua muda mrefu na kliniki ya mbali kuachana navyo. Ilikuwa ule mwaka aliosema amenyimwa likizo, hakuja kwenye harusi yangu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa ajili ya likizo hiyo kwa miaka, na hata picha za harusi sikumtumia zote.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Ndiyo, ningekuja!"

"Basi ndiyo maana. Ulikuwa bibi harusi."

Nikalia, naye akalia. Jirani yangu hakulia. Alinyanyuka akaosha vyombo vyangu vyote, hata vilivyokuwa safi. Baadaye nilimtumia mdogo wangu picha zote za harusi, akanipigia tena kuicheka kofia ya mume wangu.

Kikao chake cha kwanza kizito kilikuwa siku ya Jumanne, na kaunti ilikirusha mtandaoni ili mwananchi yeyote atazame. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakati wa mazoezi ya kwaya kwenye chumba tunachokodi Hallunda. Nilitaka kuomba ruhusa. Jirani akasema hakuna ruhusa, tutatazama wote. Kila mtu akatoa simu yake, maana hakuna aliyetaka kuchungulia ya mwenzake. Wakenya na Waganda wakawa wakalimani wa wale ambao Kiingereza hakijakaa sawa.

Ofisa wa polisi wa kaunti alisimama akaomba fedha za magari mawili ya doria. Hoja yake ilikuwa kwamba polisi ndio hufika kwanza mtu akizidisha dawa. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mdogo wangu akanyoosha mkono. Nilimwona anavyoshika kalamu kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya shuleni kabla ya mtihani wa hesabu.

"Samahani, Mwenyekiti. Nimesoma orodha ya matumizi yanayoruhusiwa. Gari la doria liko mstari gani?"

Yule ofisa akasema linahusiana na mambo hayo kwa ujumla.

"Nashukuru. Hilo la ujumla liko mstari gani?"

Chumba kizima Hallunda kikalipuka. Sauti ya kwanza na ya pili zikapiga vigelegele pamoja, jambo ambalo kwenye nyimbo halijawahi kutokea. Mwenyekiti akapekua karatasi zake, akapekua tena, akasema swali ni zuri na ombi lisubiri kikao kijacho. Kisha katibu akaongeza, akitazama kompyuta yake, kwamba leo wana watazamaji kumi na wawili mtandaoni, na kwamba kwa kawaida huwa mmoja, naye ni mke wake.

Yule ofisa hakuwa mtu mbaya. Kikao kilichofuata alirudi na ombi jingine: dawa ya kupuliza kwa kila gari walilo nalo tayari, na mafunzo kwa askari wote. Mdogo wangu ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kuunga mkono. Si kila kitu alishinda. Walipitisha mabango makubwa ya barabarani, ambayo yeye aliona hayamsaidii mgonjwa, akapiga kura ya hapana peke yake. Lakini alipata dereva na gari dogo la kuwapeleka wagonjwa kliniki, kwa kuwa kaunti yao haina basi. Na alipata ukurasa kwenye tovuti ya kaunti unaoonyesha nani amepewa fedha ngapi na amezifanyia nini. Ukurasa wenyewe una sura mbaya, rangi ya kijani kama supu ya mchicha, ila kila kitu kipo.

Kiangazi kilichofuata alikuja kututembelea. Kwaya ilimpokea kwa sambusa na maswali. Nilipanga kumzungusha mjini, nimwonyeshe jumba la mfalme na boti za visiwani. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Kwenu hapa vikao vya madiwani viko wazi kwa watu?"

Nikasema nadhani hivyo. Nimeishi katika manispaa hii miaka kumi na sita na sikuwa na hakika.

Tukaenda, kikao cha mwisho kabla ya likizo. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu isipokuwa sisi wawili na mzee mmoja aliyekuwa akifuma soksi. Madiwani walibishana juu ya taa za njia ya watembea kwa miguu, mimi namnong'oneza mdogo wangu kwa Kiswahili, naye ananiuliza huyu nani, yule wa chama gani, zile fedha zimetengwa lini, mpaka mzee wa soksi akageuka. Nilidhani atatukemea. Akasogeza kiti chake karibu na kunijibu, kwa Kiswidi cha taratibu, maswali yote ambayo mimi sikuweza kuyajibu.

Siku hizi ninakwenda vikaoni na jirani yangu kila tunapopata nafasi. Taa za njia ile ziliwekwa mwezi wa kumi na moja.