Mfinyanzi na Mkewe, Kutoka Barking Hadi Hayes

Nilifunga safari kwa sababu Mzee Harilal aliogopa kufa kabla hajauona tena mchoro alioachiwa na babu yake. Mimi ndiye ninayemhudumia mchana nyumbani kwake Hayes. Yeye alizaliwa Kisumu, mimi natoka Kakamega, basi tunaongea Kiswahili. Mchoro ulikuwa Barking, upande wa pili wa jiji, kwa Mama Lila, mkewe ambaye walitengana miaka mingi iliyopita.

Asubuhi nilimwacha na jirani. Pumzi zake zilikuwa fupi. Njia nzima nilishika simu mkononi, nikiomba isilie.

Barking, Mama Lila alifungua kisanduku cha bati. Juu ya pamba ulilala mchoro: mfinyanzi wa Kihindi mwenye kilemba cheupe, na ubavuni pake mkewe wa sari nyekundu, mtungi kichwani. Zamani wachoraji wa India waliwachora hivyo watu wa kila kazi, mume na mke, na mavazi yao. Huu ulichorwa juu ya ulanga, jiwe linalobanduka tabaka nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilipounyanyua, ulilia kidogo.

"Uweke chini," alisema Mama Lila. "Utauvunja. Nitaupeleka mwenyewe."

"Mama, mzee hajui kama unakuja."

"Hata mimi sikujua."

Whitechapel, tulipobadilisha treni, watu walitusukuma. Nilitanua viwiko kumkinga, naye akakikumbatia kisanduku. Kila treni iliposhika breki, alifumba macho.

"Akinifukuza je?" aliuliza.

Kabla sijajibu, simu ililia. Alikuwa jirani. "Fanya haraka," alisema. "Hali yake siipendi."

Hayes tulimkuta mzee yu macho. Alimtazama Mama Lila, kisha akanyoosha mikono apokee mchoro. Mikono ilitetemeka mno. Tulisikia kona ikikatika.

"Nimeuharibu," mzee alisema, machozi yakimtoka.

"Ni kona tu," alisema Mama Lila. "Wacha, nitakushikia."

Akaketi kitandani, akauinua kuelekea dirishani ili mwanga upenye.

Jioni niliingia kumwambia Mama Lila kwamba tukichelewa tutakosa treni. Mzee alikuwa amelala, anapumua taratibu. Mama Lila alitikisa kichwa, hakuinuka.

Nilirudi kituoni peke yangu. Mchana kutwa mimi niliuogopea mchoro, kumbe wao wawili walikuwa wakiogopana.