Giaboksi Niliyoiacha Geita

Niliondoka nyumbani, nje kidogo ya Shinyanga, kwa sababu moja tu: giaboksi ya Lendrova ya baba ilikuwa inakufa. Gia ya tatu ilikuwa inaruka yenyewe, nami nikaufunga mkono wa gia kwenye kiti kwa kipande cha mpira wa tairi. Msinicheke. Gari hilo ndilo linalompeleka baba hospitali, na likigoma porini tunabaki mimi, yeye na jua.

Baba haoni tena. Lakini giaboksi ile ilikuwa na mlio wake mrefu, na kila alipousikia tangu barabara kuu aliinuka, akapapasa ua wa minyaa mpaka langoni, akaondoa magogo kabla sijafika. Ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia. Asubuhi ya safari nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mayu, utatengeneza hiyohiyo au utaweka nyingine?" Mayu ni mama, kwetu Usukumani baba humwita binti yake hivyo.

"Nitaangalia huko, baba."

"Angalia vizuri."

Kahama, maduka ya spea yalinichosha. Kila nilipotaja gari langu muuzaji alicheka. "Mama, hiyo spea katafute machimboni!" mmoja akasema. Nilidhani ananikejeli, kumbe ni kweli. Wachimbaji wadogo wa Geita huzifunga giaboksi za magari ya zamani kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Gari likifa, giaboksi yake inaendelea na kibarua.

Ushirombo nilipumzika kwa shangazi, dada yake baba. Alinipa ugali na maziwa mgando, akanitazama nikila bila hamu.

"Ukimletea nyingine, utakuwa umemnyang'anya lango," alisema.

"Na hii ikituacha njiani akiwa anaumwa, shangazi?"

Aliniongezea maziwa.

Geita niliingia mchana, vumbi limeganda kwenye jasho. Fundi Masanja, niliyeelekezwa kwake, aliifungua giaboksi yangu akaguna. Meno ya gia yalikuwa yamelika, beringi zinacheza. Akafungua nyingine iliyotolewa kwenye karasha, ili tuchanganye vilivyo vizima. Lo! Ile ilikuwa mbaya kuliko yangu, unga wa mawe umeitafuna mpaka shafti.

"Naweza kukuchongea gia mpya, Mama Kulwa," alisema, "ila chuma tunachopata hapa ni laini. Shinyanga utafika. Mvua zikianza, na tope lile la kwenu, sikuahidi kitu."

"Na hiyo ya Kijapani pale?"

"Hiyo utaisahau kama ipo. Haipigi hata kelele."

Nilikaa juu ya tairi nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimwona baba amelala kiti cha nyuma, anahema kwa shida, nami nimesimama porini na gia ya chuma laini mkononi. Nikafuta uso, nikamwambia Masanja afunge ya Kijapani. Ile ya zamani aliniomba nimwachie, itapata karasha. Nikamwachia.

Njia ya kurudi gari lilitembea vizuri mno. Gia ziliingia zenyewe, mpira wangu wa tairi nikautupa. Kimya kile kilinikera mpaka nikawa naongea peke yangu, nikimpangia baba maneno ya kumweleza.

Nyumbani nilifika jua likiwa bado juu. Magogo yalikuwa langoni. Baba alikuwa kwenye kigoda chake kibarazani, na niliposimamisha gari aliinua uso.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mwenyewe hayupo, amesafiri."

"Ni mimi, baba."

Aliinuka haraka, karibu aanguke. "Nisamehe, mayu, sikujua," akawa anapapasa minyaa kuja langoni. Alipofika nilikuwa nimeshaondoa gogo la mwisho.

Ukiniuliza leo, nitakwambia nilichagua sawasawa. Mvua zimekuja zimepita, hospitali tunafika na kurudi. Ila nimejifunza kwamba kuchagua sawasawa nako kuna msiba wake. Nilijaribu kupiga honi nikikaribia, baba akasema niache, honi kila mtu anayo. Siku hizi haulizi nani anakuja. Magogo naondoa mwenyewe.