Jino Langu na Kahawa ya Mdogo Wangu

Nilimwonea wivu mdogo wangu, ndugu wa tumbo moja, na sifichi. Kampuni ya wageni ilipokuja Bukoba kununua kahawa, watu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, aliyepona ni yeye. Mimi nilibaki Kaagya na mashine ya kukoboa aliyoniachia baba, inayotoa moshi mpaka kuku wanahama uwanja.

Mdogo wangu aliajiriwa na wale wageni miaka miwili, akajifunza kazi, akarudi kufungua mashine yake kijiji cha jirani. Kahawa akaianika juu ya vichanja, si chini kama sisi. Akanunua na kipima unyevu. Kazi yangu ya siku mbili yeye aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, na punje hazivunjiki! Wakulima wangu wakaanza kunipita na magunia yao kwenda kwake, wakinisalimia vizuri kabisa. Salamu zile ziliniuma kuliko matusi.

"Kipima cha nini?" nilikuwa nikibwata. "Mtu si ana meno?" Kwetu punje huumwa: jino likizama, bado mbichi, ikilia ko, imekauka. Baba alinifundisha mimi, mkubwa, nami nikamfundisha yeye.

Siku moja nikaenda kwake, eti kumsalimia. Lori la kampuni lilikuwa linapakia shehena yake ya kwanza kubwa. Ikikubaliwa, angepewa mkataba wa msimu mzima. Nilichomoa punje kwenye gunia, nikauma. Ko! Sijawahi kutoa kahawa kama ile maishani mwangu.

"Waitu kaka, imekauka?" aliniuliza kwa ile heshima yetu ya Kihaya, kipima kikiwa mkononi mwake.

Roho mbaya ilitangulia akili. "Bado mbichi," nikasema.

Nilidhani atapima, anicheke, tugombane, nami nipate sababu ya kuondoka nimenuna. Hakupima. Alikitia kile kidude mfukoni, akawaambia wapakiaji washushe magunia yote. Dereva akafoka kwamba msimu huu harudi tena.

"Kaka kasema," mdogo wangu akamjibu. "Huyu ndiye aliyenifundisha."

Lori likaondoka tupu. Akanipa reki, tukaanza kuianika pamoja kahawa iliyokwisha kukauka.