Nilikwenda Rusinga Kusalimia Tu

Nilitoka Ntimaru kwenda kumwona Omondi, mwanamume niliyefahamiana naye mtandaoni baada ya kumaliza chuo. Nilihofia kila kitu: kama picha ni zake, kama sauti ni yake, kama mwanamke mwenye akili angekwenda. Binamu yangu Boke nilimwachia jina la Omondi, nambari yake na jina la gesti niliyolipia mwenyewe Mbita. Tulikubaliana nimpigie kila nikihama mahali.

Homa Bay mjini tulikutana hotelini, mchana, watu wamejaa wakila samaki. Alikuwa yule yule wa pichani, mpole, mwenye haya kuliko mimi. Akaniomba tufike kwao Rusinga nimsalimie mama, kisha anirudishe Mbita kabla ya giza. Nilimpigia Boke, nikakubali.

Rusinga walikuwa wakitungoja. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Akinyi, mke wa kaka yake, alinipokea begi, na nilipogeuka nikamwona akiliingiza katika kijumba cha Omondi karibu na lango. Nikamwambia silali.

"Nyieka, usiogope," akasema akicheka. "Hata mimi nilikuja kusalimia. Sasa nina watoto wanne."

Nikamuuliza nyieka ni nini. Akasema ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana. Msichana akishalala kwenye kijumba kile, asubuhi mama ana mkamwana, na wazee wanatumwa kwa wazazi wake kuzungumzia mahari.

Jua lilikuwa linashuka. Omondi alitazama chini. Niliwaza kwamba nitawavunjia heshima, kwamba kuku ameshaiva, kwamba labda nimeelewa vibaya. Kisha nikampigia Boke mbele yao, kwa Kiswahili, wote wasikie.

"Niko Rusinga, kwa kina Omondi. Natoka sasa hivi. Nisipokupigia nikiwa Mbita, mtafute chifu wa huku."

Mama yake Omondi alimuuliza mwanawe jambo kwa Kijaluo. Mama akaingia mwenyewe kijumbani, akatoka na begi langu.

"Aliniambia mmekubaliana," akasema. "Nenda, mwanangu. Kuku wetu utamla siku utakayokuja na watu wenu."

Mbita nilifika kwa bodaboda, nikafunga mlango, nikampigia Boke. Sikulala vizuri. Asubuhi nilishika njia ya kurudi Ntimaru.

Dada unayejiandaa kwa safari kama hii, mwambie mtu wako uliko, na ulipie chumba chako mwenyewe. Mimi nilifanya hayo yote. Nilichunguza sana Omondi ni nani. Sikumuuliza amewaambia watu wake mimi ni nani.