Mkono wa Mzee Harerimana Ukutani

Winfrida hakuwahi kumruhusu mtu aone projekta yake ikijiandaa. Hiyo ilikuwa sheria yake tangu alipoanza kazi, miaka tisa iliyopita. Kimlango cha lenzi alikifunga mpaka kila kitu kiwe tayari: nyaya zimechomekwa, video imefunguliwa kwenye kompyuta, imejaa kioo kizima, imesimamishwa kwenye picha ya kwanza. Hapo ndipo alipokifungua, na watu wakaona shughuli waliyoijia. Hakupenda wageni watazame mafaili yake na vialama vyake vikirukaruka ukutani. Alisema ni sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni kwa kumpitisha jikoni.

Watu walimzoea hivyo. Kwenye harusi za Ujiji, kwenye semina za Kigoma mjini, kwenye mikutano ya injili, wote walimwita Mama Projekta, na akina mama wa Ujiji hasa walimpenda kwa sababu moja. Sherehe zao hufanyika uani, watoto wanakimbia huku na huko, na kila mtoto akipita mbele ya mwanga kivuli chake kinamfunika bibi harusi. Winfrida alitafuta dawa yake: alitundika shuka jeupe katikati, akaiweka mashine nyuma ya shuka, akaigeuza picha kwa rimoti ili wanaotazama kutoka mbele waione sawasawa. Watoto wakimbie wanavyotaka. Jumamosi iliyopita alifanya hivyo hivyo, akala pilau ya watu, akafungasha vitu vyake akaenda zake.

Na Jumanne saa nne asubuhi alikuwa Ilagala, sebuleni kwa marehemu baba yake, amepiga magoti, anahangaika.

Kwanza umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Kisha ukuta, ingawa ulipakwa chokaa, ulikuwa na mwanga mwingi mno. Ikabidi vitenge vinne vitundikwe madirishani, na shangazi yake Eufrasia akatoa blanketi lake mwenyewe la kuzibia mlango. Kisha mashine ikawa inalala upande kama kofia ya mlevi, naye akaichomekea kipande cha muhogo mkavu chini ya mguu wa mbele. Kisha sauti ikagoma. Kwa dakika kumi nzima spika haikusema neno, na ndugu thelathini waliobanana humo ndani wakaanza kukohoa kikohozi kile cha watu wanaotaka kusema kitu.

"Dada, kama mashine imekushinda, sema," alisema Nikodemu, mdogo wake. "Tutafute fundi."

"Fundi ndiye mimi," Winfrida alijibu bila kugeuka.

Aliendelea kukagua nyaya, mmoja baada ya mwingine. Nikodemu aliishi Mpanda miaka kumi na miwili. Alikuja kuzika, akakaa, akasubiri siku hii. Winfrida, yeye, kila Jumatano alikuwa akitoka Ujiji kwa pikipiki kuja kumwogesha baba, na akishamwogesha anashuka bondeni na panga kupalilia michikichi. Miche sitini na minne ya chini kabisa aliipanda kwa mikono yake, akaibebea maji kichwani kiangazi kizima. Ujiji alipanga vyumba viwili. Taa ya projekta ilikuwa inafifia kila mwezi, na macho yake nayo. Bonde lile ndilo alilokuwa analitazamia uzeeni. Hakuwa na mpango mwingine, na hakuna usiku aliolala bila kulifikiria.

Mzee Harerimana hakuacha karatasi. Hakujua kuandika. Miezi mitatu kabla ya kufa alimwita karani wa usharika, akamwambia amrekodi kwa simu, aiweke kwenye flashi, aifunge kwenye bahasha, na siku ya kugawa watu wote waione pamoja, kwa wakati mmoja, asije mmoja akasema ameambiwa hivi na mwingine vile. Karani alihamishiwa Kibondo, bahasha ikabaki kwa Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa, ambaye aliichana asubuhi hiyo mbele ya wote. Na sasa alikaa karibu na dirisha, daftari juu ya magoti, kalamu mkononi.

"Tuko tayari, mwanangu?"

Winfrida alichomoa waya wa spika, akaupuliza, akaurudisha. Spika ikakoroma. "Tuko tayari, Mzee."

Akafungua kimlango cha lenzi.

Baba yao akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa katika uhai wake wote. Shangazi Eufrasia aliguna. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mgongo umeegemea ukuta wa udongo, hakuna kingine nyuma yake. Kila mtu humo ndani alilijua lile benchi. Ukilikalia unatazama ziwa. Kulia kwako kunateremka bondeni, kwenye michikichi. Kushoto kunapanda mlimani, kwenye mawe na mihogo ya kuungaunga.

Akainua mkono kusalimu. Watu wakanong'ona kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu alianza kusema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Amahoro, wanangu. Mimi sina maneno mengi. Mtu akigawa, anagawa kwa mkono." Akapumzika, akavuta pumzi. Kisha akanyoosha mkono mmoja upande. "Huku kwa Nikodemu." Akaushusha, akanyoosha wa pili. "Huku kwa Winfrida."

Mkono wa pili, pale ukutani, ulikuwa wa kulia. Ulielekea bondeni.

Winfrida alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Bonde. Baba alikuwa ameona. Alikuwa amekaa pale kwenye benchi Jumatano zote zile akimtazama anashuka na panga, hakusema kitu, kumbe alikuwa anaona. Alitaka kupiga vigelegele, alitaka kulia, akaishia kubana midomo.

"Simamisha!" Nikodemu alikuwa ameshasimama. "Simamisha hiyo kitu!"

Akaisimamisha. Baba akabaki ameganda, mkono wake umeinuka.

"Mmeona aliposalimu? Amesalimu kwa mkono gani?"

Macho yote yakarudi ukutani.

"Semeni! Amesalimu kwa mkono gani?"

"Shoto," alisema mtu kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, kama anayetaja tusi.

"Shoto. Baba yangu mimi? Baba aliyeniacha na njaa siku nzima kwa sababu nilipokea ugali kwa shoto? Leo anawaaga wanawe kwa shoto?" Nikodemu aligeukia wazee. "Akili haikuwepo. Mtu aliyesahau mkono wa kulia ni upi, atakumbuka bonde liko wapi? Hiyo video ni ya mgonjwa. Itupwe."

Hapo kelele ikaanza. Wengine walisema kijana ana haki, mzee alikuwa ameshachanganyikiwa. Wengine walisema kijana ana tamaa, na miaka yote ya Mpanda hakulikumbuka bonde. Mtu akajaribu kumpigia karani simu, haikupatikana. Blanketi likaanguka mlangoni, likarudishwa. Na katikati ya yote hayo Shangazi Eufrasia, ambaye alizaliwa baada ya marehemu na kubebwa mgongoni naye, alikuwa anautazama ukuta na kutikisa kichwa polepole.

"Oya," alikataa kwa Kirundi cha kwao. "Oya. Huyu siyo musaza wanje. Kaka yangu hakuwa hivi."

Winfrida aliinamia kompyuta, si kwa sababu ya kitu, ila alitaka mahali pa kuficha uso. Betri ilikuwa nusu. Halafu akamwona baba yake.

Kwenye kioo cha kompyuta, ambacho kilimtazama yeye peke yake, Mzee Harerimana alikuwa ameinua mkono mwingine.

Akatazama ukuta. Akatazama kompyuta. Kwenye kompyuta mfuko wa shati, ule aliokuwa akiwekea kipande cha msuwaki, ulikuwa kifuani kushoto, mahali pa mfuko wa shati lolote duniani. Ukutani ulikuwa kulia.

Jumamosi. Shuka la Ujiji. Aliigeuza picha kwa ajili ya wale akina mama, na hakuirudisha.

Kama angefungua kimlango mapema kama mafundi wengine, kila mtu, hata mtoto wa darasa la pili, angeona maandishi ya kompyuta yamegeuka kinyumenyume, akacheka, naye Winfrida akairekebisha, basi. Lakini Mama Projekta na maringo yake alikuwa amemwonyesha baba peke yake, na mtu hana maandishi usoni.

Kwa hiyo bonde lilikuwa la Nikodemu. Mkono wa kulia, wa kwanza, ulikuwa wa Nikodemu.

Hakuna aliyejua. Rimoti ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Angeweza kushusha kioo cha kompyuta taratibu, kuchomoa flashi, na jioni kuipoteza ziwani. Nani angemuuliza? Na tena, alijiambia, na hasira ikampanda, haki iko wapi hapa? Nani alibeba maji? Nani alimwogesha? Labda ni Mungu mwenyewe aliyeusahaulisha mkono wake ile Jumamosi. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara ya pili alikaribia kuamini.

Mzee Eliakimu alipiga daftari kwa kiganja mpaka watu wakatulia.

"Sikilizeni. Marehemu amesema, na sote tumeona. Akili inaweza kuwa ilipungua, ni ugonjwa, si aibu. Lakini neno lake ni hili, hatuna lingine. Naandika hivi: marehemu, ingawa hakuwa tena na fahamu kamili, ametoa mlima kwa Nikodemu na bonde kwa Winfrida. Eufrasia ataweka dole gumba kwa niaba ya ukoo. Nikodemu, kama hukubali, baraza la kata liko wazi."

Nikodemu aliketi kwa kishindo. Winfrida alishinda. Ilikuwa rahisi hivyo.

Kalamu ilianza kukwaruza. Mtu alileta kidau cha wino, na Mzee Eliakimu akamnyooshea shangazi daftari. Shangazi Eufrasia hakulitazama. Alivuta kanga akajifunika uso.

"Andikeni," alisema humo ndani ya kanga. "Andikeni kwamba Harerimana alikufa hajijui. Alinifundisha kushika jembe. Alinifundisha kumpa mtu kitu kwa iburyo, kwa mkono wa kulia, nikikosea ananikataza kwa upole. Leo niweke kidole kwamba alisahau. Nileteeni wino, niweke, niondoke."

Winfrida alikuwa na umri wa miaka saba alipompelekea baba kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto. Hakumpiga. Alikiacha kikombe kikining'inia hewani, akamtazama tu, mpaka mkono ukamtetemeka, mpaka akaelewa mwenyewe, akabadilisha. Ndipo akapokea, akasema asante mama. Miaka arobaini baadaye, siku hajiwezi, siku mdomo unavuja, bado alipokea dawa kwa kulia, na huo mkono ulikuwa mzito kuliko mwingine.

"Mzee, usiandike," alisema Winfrida.

"Unasemaje?"

"Usiandike. Baba hakukosea. Nimekosea mimi."

Alifungua pindo la kanga, akatoa rimoti, akabonyeza menyu. Maandishi yakajaa kifuani kwa baba yake, makubwa, yote yamegeuka, yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto kama yaliyo kwenye kioo. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu na mlango alisema "Ahaa!" kisha akaziba mdomo. Winfrida alitafuta mstari wa kurusha picha kutoka nyuma ya pazia, akashuka mmoja, akabonyeza.

Maandishi yakanyooka. Na Mzee Harerimana, na mfuko wake wa shati, na mkono wake ulioinuka, vikaruka upande wa pili wa ukuta.

Feni ya mashine ilivuma. Mmoja mmoja waliufuata ule mkono kwa macho, wakaona ulikokuwa unaelekea sasa. Mlimani. Kwenye mawe. Kisha, mmoja mmoja, wakamtazama Winfrida.

"Nitaianza upya," alisema. "Muione yote."

Akairudisha mwanzo. Baba alisalimu, kwa kulia. Shangazi alishusha kanga usoni. Huku kwa Nikodemu, bondeni. Huku kwa Winfrida, mlimani. Mara hii hakuna aliyesema simamisha, na video ikaendelea mbele ya pale walipoikata. Mzee alikohoa, akapangusa mdomo, akainamia simu ya karani kama anayemtafuta mtu ndani yake.

"Winfrida," alisema. "Najua wewe umechoka zaidi. Nikodemu hana kazi, ana watoto watano, nawe una mashine yako. Ile tuliinunua kwa mawese ya bonde, unakumbuka. Nimemwambia karani, siku hiyo asiitwe fundi mwingine. Awashe Winfrida. Mwingine anaweza kunigeuza. Huyu hatanigeuza."

Akainua mkono wa kulia, akaushikilia hewani muda mrefu, mpaka ukaanza kutetemeka. Video ikaisha.

Mtu aliondoa kitenge dirishani na mwanga wa ziwa ukaingia. Nikodemu alikuja akasimama mbele ya dada yake, akanyoosha mkono kumsaidia kukunja waya, naye akamwachia.

Mashine haichomolewi ikiwa moto; lazima feni izunguke mpaka ipoe. Winfrida alikaa sakafuni kuisubiri, kiganja juu ya mgongo wake wa joto, macho kwenye ukuta mtupu.

"Nilikugeuza, baba," alisema. "Kidogo tu."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.