Namba Iliyoandikwa kwa Penseli

Usiku ule nililala na taarifa chini ya mto, kama mwanafunzi wa darasa la saba. Nilikuwa nyumba ya wageni karibu na bunge, na asubuhi yake saa tatu nilitakiwa mbele ya kamati nisome kurasa nne kuhusu utafiti wetu wa saratani ya koo. Kurasa zenyewe sikuziogopa. Niliogopa neno moja lililokuwa kwenye ukurasa wa mwisho: umekamilika.

Utafiti haukuwa umekamilika. Tulikuwa tunatafuta kwa nini watu wa wilaya zetu za milimani wanaugua koo kuliko wengine, na hata nusu ya safari tulikuwa hatujafika. Lakini mkurugenzi aliniita ofisini, akafunga mlango, akanieleza kwa upole kwamba mheshimiwa mbunge wetu anataka jengo jipya. Fungu la utafiti lingeweza kuhamishiwa huko, mradi sisi wenyewe tuseme kazi imeisha. "Utafiti hauna utepe wa kukata, Neema," aliniambia. "Jengo linao." Kisha akagusia mkataba wangu unaoisha mwezi ujao, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo dogo. Nikasaini. Nilisaini kwa wino wa bluu na mkono haukutetemeka, na hilo linaniudhi hadi leo.

Nilijua pia kitakachofuata. Utafiti ukishakamilika, sampuli zake huteketezwa. Vipande vya nyama za wagonjwa wetu, kila kimoja ndani ya nta yake, pamoja na vioo vyake vya hadubini, rafu sita nzima, vingepelekwa kwenye tanuri la taka la hospitali. Nilizima taa nikiwaza tanuri hilo.

Usingizi uliponichukua nikajikuta kwenye korido ya bunge. Mwisho wa korido alisimama Mwalimu Shaibu, amevaa koti lake jeupe lenye doa la zambarau mfukoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya maabara, na ndiye aliyeanzisha utafiti huu. Alifariki miaka minne iliyopita, kwa saratani hiyohiyo ya koo. Ndotoni nilijua kwamba amekufa, wala sikushangaa kumwona. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Aliyelelewa kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Mtu mzima anaweza kukukasirikia, anaweza hata kukufukuza kazi, lakini marahaba yako atakupa. Mwalimu alinitazama tu, akageuka, akaingia kwenye chumba cha kamati. Nikamfuata.

Ndani si chumba cha kamati. Ni maabara yetu ya zamani, ile yenye dirisha lisilofunga. Meza ya waheshimiwa ipo, vipaza sauti vipo, ila waliokalia viti ni wagonjwa wetu. Nawatambua. Yule mama muuza nyanya yupo, na yule fundi baiskeli aliyekuja kwetu hajafika hata miaka thelathini. Mbele ya kila mmoja kuna kikombe cha uji, na hakuna anayekunywa. Uji unapoa, unaweka utando juu.

Mama muuza nyanya anawasha kipaza sauti chake, ananiuliza utafiti umefikia wapi. Anauliza taratibu, bila ukali. Nafungua mdomo nisome, na lile neno linakwama kooni. Halipandi, halishuki. Nalimeza, linarudi. Nashika shingo kwa mikono miwili, pumzi inakatika, na wagonjwa wananitazama kwa huruma, kwa kuwa wao wanaijua hali hiyo kuliko mimi.

Mwalimu ananichukulia taarifa mkononi. Juu ya meza kuna beseni la spiriti. Anazitumbukiza humo kurasa zote nne. Nataka kumzuia, mikono haiinuki. Wino unaanza kutoka. Aya zinakwenda, lile neno umekamilika linakwenda, na sahihi yangu inakwenda mwisho. Anazitoa karatasi zikiwa nyeupe, zinachuruzika.

Hapo nikakumbuka wiki yangu ya kwanza kazini. Niliandika namba za wagonjwa kwenye vioo kwa kalamu nzuri ya wino, mwandiko wa kujivunia, halafu nikavitia kwenye spiriti. Vikatoka vioo ishirini visivyo na mwenyewe. Kila mgeni wa maabara hufanya kosa hilo mara moja. Mwalimu hakunifokea. Alinipa penseli, akaniambia spiriti haiiwezi hiyo, kisha akasema nimewapoteza watu ishirini. Nililia chooni siku ile.

Sasa anaingiza mkono ndani ya beseni, anatoa kioo kimoja, ananipa. Kina baridi. Pembeni kuna namba kwa penseli, kwa mwandiko wangu, haikufutika hata tarakimu moja. Naitambua namba hiyo. Mwalimu alipokatwa kipande cha koo kwa ajili ya kipimo, aliagiza kingine kiletwe kwenye utafiti wetu, akaniambia nikiandike namba kama cha mgonjwa mwingine yeyote. Fedha zikapunguzwa mwezi uleule, na kioo chake hakijasomwa kwa hadubini mpaka leo.

Anazungumza kwa mara ya kwanza. Sauti yake ni ile ya siku zake za mwisho, nyembamba, ya mtu anayebana pumzi.

"Neema, mimi nimekamilika?"

Wagonjwa wote wamegeuka kunisikiliza. Naona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yanawaka. Namwamkia tena, maana ndilo neno pekee linalopita kooni.

"Sema kwanza," anasema. "Marahaba yako ninayo."

Simu ikaniamsha. Kumekucha, na anayepiga ni mkurugenzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba hata sijamaliza, akauliza kama nimejiandaa. Nilivuta taarifa chini ya mto. Wino ulikuwa mkavu, na sahihi yangu ipo palepale. Nikapekua mkoba, nikapata penseli, nikalikata lile neno na kuandika juu yake: umesimama. Nikamwambia hivyo ndivyo nitakavyosoma mbele ya kamati.

Akanikumbusha mkataba. Nikamjibu kwamba naukumbuka na kwamba naogopa, lakini nitasoma. Akashusha sauti, akauliza ni kazi gani hasa iliyobaki, mpaka nimkoseshe jengo zima.

"Kuna kioo hakijasomwa," nikasema.

"Cha nani?"

Nikamtajia namba kwa kichwa, tarakimu zote, halafu nikamtajia jina la Mwalimu. Mkurugenzi naye alifundishwa kazi na mzee huyohuyo, akapewa penseli kama mimi. Nikakata simu, nikaenda kuoga.